Linaunguruma Palepale

Benchi letu lina miguu mitatu ya mti, na wa nne ni matofali mawili yaliyopangwa. Limeegemea ukuta wa duka ambalo mwenyewe alilifunga akaenda zake na funguo. Mwisho wa benchi ndipo ilipo meza yangu ya kutengeneza saa, kazi ambayo siku hizi inaniachia nafasi kubwa ya kusikiliza watu. Upande wa pili kuna jiko la Shangazi, muuza kahawa, ambaye si shangazi wa yeyote kati yetu ila anatugombeza kana kwamba ametunyonyesha. Katikati wanakaa Tani Kumi, dereva mstaafu wa malori, na Wakili, ambaye hajawahi kuwa wakili hata siku moja. Alikuwa anauza maji ya kunywa nje ya mahakama, na huko ndiko alikookota maneno. Ng'ambo ya njia, karibu kiasi cha kuligusa kwa fimbo, limesimama gari la Mkurugenzi: jeusi, la chini, boneti ndefu, kila siku limefunikwa turubai. Asubuhi hiyo turubai lilikuwa limeondolewa, injini ilikuwa inaunguruma tangu kupambazuke, na sote tulikuwa tumechoka kabla siku haijaanza.

— Zima hilo dude! Shangazi akapaza sauti. Moshi wote unaingia kwenye kahawa yangu.

— Injini inapata moto, Mkurugenzi akajibu. Alikuwa amechuchumaa anasugua rimu kwa mswaki wa zamani. Mnunuzi anakuja leo. Unataka alikute limepoa?

— Tangu alfajiri inapata moto tu? Kwani unataka kuchemshia nini?

— Shangazi, akadakia Wakili, gari la mbio si birika. Gari la mbio lina taratibu zake.

— Na pua yangu nayo ina taratibu zake.

Niwaeleze kwanza habari za huyu Mkurugenzi, maana hakuwahi kuongoza kitu. Alikuwa bawabu wa kiwanda cha nyuzi. Gari lile lilikuwa la mkurugenzi wa kweli, na yeye ndiye aliyelifungulia geti miaka yote, asubuhi likiingia, jioni likitoka, vioo vimepandishwa. Kiwanda kilipofilisika hapakuwa na hela ya kiinua mgongo. Watu wakaambiwa wachague vitu. Wenzake wakachukua cherehani, wakachukua mabati, mmoja akachukua jenereta ambalo linamlisha mpaka kesho. Gari lilikuwa limeshakufa, limejaa vumbi, hakuna aliyelitaka. Yeye akalitaka. Sababu alitueleza mara moja tu, akiangalia chini:

— Nilitaka na mimi siku moja nifunguliwe geti.

Siku alipokwenda kulichukua, geti lenyewe lilikuwa limeshang'olewa likauzwa kama chuma chakavu. Akatoka nalo pale penye uwazi, likivutwa kwa kamba na lori la rafiki yake Tani Kumi. Kamba ikakatikia hapa mbele ya benchi letu, chini ya mteremko wa kwenda kwake, na hapa ndipo lilipobaki. Jina la Mkurugenzi tulimpa siku ileile. Tulidhani ni utani wa wiki moja.

Mkewe hakuona utani. Shemeji yetu anafua mashuka ya hospitali, zamu ya usiku, na mshahara wake ndio uliokuwa unalisha nyumba, baadaye ukawa unalisha nyumba na gari. Alipoliona mara ya kwanza alilizunguka kimya, akasema, "Sitalikalia mpaka siku litakaponipeleka kazini." Tangu hapo akawa anapita hapa jioni akienda kituoni na asubuhi akirudi, kwa miguu, uso mbele, haligeukii. Sisi tunamsalimia, anatuitikia vizuri, gari analiruka.

Juma moja kabla ya asubuhi hiyo alikuwa anarudi kutoka kazini, akafika hapa, akakaa kwenye benchi. Hajawahi kukaa. Magoti yalikuwa yamegoma. Aliomba maji tu, akanywa, akabaki anautazama ule mteremko unaopanda kwake kama mtu anayetazama kazi ya mtu mwingine. Mkurugenzi aliyaona yote akiwa ndani ya gari, anapaka dawa kwenye kiti. Alitoka na kitambaa mkononi, akasimama asijue aanzie wapi. Jioni yake akaja kutuambia analiuza, hela iende kwenye magoti ya mkewe. Kwa hiyo asubuhi hiyo tulikuwa tunamngoja mnunuzi, na nadhani kila mtu pale alikuwa anaomba kimoyomoyo asilikatae.

— Mimi nakwambia, akaanza Tani Kumi, akilishika goti lake mwenyewe, lori langu lilikuwa linakula. Lilikuwa linakula kwelikweli. Lakini lilikuwa linabeba. Hili linakula, halafu linakutazama.

— Halili hovyo, akasema Mkurugenzi. Linachagua. Haya mafuta ya hapa jirani halitaki, linakohoa. Linataka yale ya bei ya juu.

— Yanauzwa wapi?

— Barabara kuu kule, baada ya daraja.

— Sasa ukienda nalo kujaza, ukirudi hapa tanki linakuwaje?

Mkurugenzi akasugua rimu kidogo.

— Linakuwa tupu.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo siendi nalo. Naenda kwa miguu na dumu.

Shangazi akasonya msonyo mrefu.

— Na bima? akauliza Wakili, ingawa tulishaisikia hadithi hiyo. Ilikuwa mojawapo ya chache zinazomchekesha.

— Yule bwana wa bima aliniuliza gari gani. Nikamtajia. Akainuka akafunga mlango, akaniletea kiti chenye mto. Nikajua nimekwisha.

— Ukakata?

— Nilikata ya miezi michache. Imekwisha likiwa hapahapa. Halijagongwa, halijagonga.

— Basi imefanya kazi, akasema Wakili. Bima nzuri ni ile.

— Na fundi? akauliza Tani Kumi.

— Fundi wa kawaida hataki hata kuliegemea. Yule mwenye kompyuta anakuja, anachomeka waya, analisikiliza. Analipwa kwa kusikiliza. Akimaliza anasema ni sensa, kidude cha kupimia injini. Nanunua sensa. Akirudi anasikiliza tena, analipwa tena, anasema kumbe ilikuwa sensa nyingine, ile ya kwanza ilikuwa inaisema hii.

— Hata magari yanasengenyana, akasema Shangazi.

— Oili yake ni ya kopo la dhahabu. Plagi zake zinaagizwa. Breki tumebadilisha zote mwaka jana.

— Breki za nini na halijawahi kukimbia? nikauliza mimi.

— Zilishika kutu kwa kutokimbia.

Mimi ni fundi saa, nimezoea vitu vinavyotembea maisha yake yote bila kwenda popote.

Na tairi ndizo zilizokuwa kazi yetu sote. Tani Kumi alituambia mapema kabisa kwamba gari likikaa muda mrefu sehemu moja, tairi hubonyea upande wa chini, na tairi za gari hili ukiulizia bei muuzaji anakuuliza kwanza kama umekuja na mtu wa kukudaka ukianguka. Kwa hiyo kila Jumamosi tulilisukuma kwa mikono, kuokoa mafuta. Mbele kidogo Jumamosi hii, nyuma kidogo Jumamosi ijayo. Mimi natia alama ya chaki kwenye tairi ili tujue upande gani umepumzika. Tulianza kwa kucheka, halafu ikawa desturi, halafu ikawa mzigo ambao hakuna anayethubutu kuuacha wa kwanza. Tani Kumi mgongo wake ulishaanza kulalamika. Wakili anasukuma kwa kidole na mdomo.

Basi tulikuwa katika mazungumzo hayo, gari likiunguruma, mara likatikisika, likakohoa, likanyamaza.

Tukatazamana. Mkurugenzi akaingia ndani, akazungusha ufunguo. Kitu kikalia krrr, krrr, basi. Akazungusha tena.

— Usilisumbue, akasema Tani Kumi. Limekasirika.

— Limekasirika vipi? Mtu anakuja saa hii!

— Nisikilize. Humo ndani si wamesema kuna farasi mia tatu? Wamesema wenyewe waliolitengeneza, si mimi. Sasa wewe umewahi kuona farasi mia tatu wamefungwa mbele ya benchi, usiku na mchana, hawatolewi hata kunyoosha miguu? Lazima wagombane. Ndiyo maana hata ukizima usiku asubuhi mafuta yamepungua. Wanakula wamelala.

— Hapo umenena upuuzi, akasema Wakili.

— Lete wako.

— Suala hapa ni la kisheria. Gari hili lina kompyuta, ndiyo au siyo? Ndiyo. Na ile kompyuta inapeleka taarifa kiwandani kwao, ndiyo au siyo?

— Sijui.

— Asiyejua amekubali. Sasa lilitengenezwa kwa ajili ya mkurugenzi. Kile kiti unachokiona kina mizani ndani. Kinapima makalio. Akikaa mtu ambaye uzito wake siwo ule uliosajiliwa, kompyuta inaandika, huyu siye. Inaanza kupandisha ulaji pole pole. Leo mafuta, kesho sensa, keshokutwa breki. Lengo lao uchoke ulirudishe.

Mkurugenzi akatoa kichwa dirishani.

— Makalio yangu yana kosa gani?

— Hayana kosa, ndugu yangu. Hayajasajiliwa.

— Basi nendeni mkayasajili, akasema Shangazi. Nyie wote wawili hamjui kitu. Mimi niko hapa na jiko langu kila siku, naliona. Hili gari lina aibu. Limezoea kupigiwa saluti. Sasa hivi likifungua macho linaona nini? Benchi la matofali na wazee wanaonyonya kikombe kimoja asubuhi nzima. Likiona mgeni anakuja, linajifanya mgonjwa. Hata watu wapo wa namna hiyo. Nilikuwa na wifi yangu hivyohivyo, akisikia hodi tu, kichwa kinauma.

— Kwa hiyo dawa yake nini? akauliza Mkurugenzi.

— Lipigieni saluti.

Nawaambia ukweli, Tani Kumi alisimama. Sijui kama alikuwa anatania. Mtu akishachoka sana hata yeye mwenyewe hajui. Alisimama mbele ya boneti, akanyoosha mkono kwenye paji la uso, na Mkurugenzi akazungusha ufunguo kwa matumaini ya kweli kabisa.

Krrr.

Mnunuzi alitukuta hivyo hivyo.

— Hodi hapa, akasema. Nimekuja kuona gari, ila naona mko kwenye gwaride.

Alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, tochi mkononi ingawa jua lilikuwa limeshatoka. Anakodisha magari ya kubebea maharusi. Anatafuta moja la kutangulia mbele, la kupendeza, na hajali likikimbia au lisikimbie.

— Karibu, mama, karibu sana, akasema Mkurugenzi, akatoka ndani haraka akajigonga kichwa. Ndilo hili.

— Ahsante, mzee wangu. Zuri. Niwashie nilisikie.

Tukatazama vidole vyetu. Wakili ndiye aliyejitolea.

— Mama, kuna mgogoro wa kiti na kompyuta.

— Farasi, akasahihisha Tani Kumi.

— Mafuta yamo? akauliza yule mama.

— Nimetia dumu zima leo alfajiri, akasema Mkurugenzi.

— Liko wapi?

— Limeungua.

— Ulikwenda wapi nalo?

— Sikwenda. Lilikuwa linapata moto. Linakungoja wewe.

Mama akainama, akamulika dashibodi kwa tochi yake. Mshale wa mafuta ulikuwa umelala chini kabisa. Katika elimu yetu yote ile, farasi, mizani na aibu, hakuna aliyekuwa ameutazama mshale. Shangazi akageuka akaanza kupanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa.

Hakutucheka. Alilizunguka gari akilikagua, akapapasa milango, akafika kwenye tairi.

— Hizi chaki za nini?

Nikamweleza mimi, maana chaki ni zangu. Jumamosi, mbele kidogo, nyuma kidogo. Nilipokuwa namweleza nikawa najisikia, na sikupenda nilivyosikika.

— Na anayesukuma nani?

— Sisi.

Mama akaja akakaa ukingoni mwa benchi. Shangazi akampa kikombe, akakishika bila kunywa, akamtazama Mkurugenzi kwa upole tu, kama mtu anayetaka kuelewa.

— Mzee wangu, hebu niambie. Tangu ulichukue gari hili, limeshampeleka nani, wapi?

Wakili akasema, "Swali lako, mama, lina sehemu mbili," halafu akazitafuta hizo sehemu zote mbili asizione. Mimi nikafikiria siku ile ya kamba, lakini siku ile tulilileta sisi, halikutuleta. Shangazi akachochea makaa. Mkurugenzi alikuwa ameshika kile kitambaa chake, anakikunja na kukikunjua, na mimi nikamwonea huruma kuliko siku zote, kwa sababu ni mtu mzima na alikuwa anatafuta kwa bidii kabisa jibu ambalo halikuwepo.

Ndipo akageuka akatazama chini ya njia, na sisi tukageuka naye. Shemeji alikuwa anarudi kutoka kazini.

Alikuja taratibu, mfuko begani, mguu mmoja ukitangulia na mwingine ukiburutwa kuufuata. Harufu ya sabuni ya hospitali ilifika kabla yake. Alipotukaribia akatuamkia wote, akamwamkia na mgeni.

— Umerudi, akasema Mkurugenzi.

— Nimerudi.

— Pole na kazi.

— Nimeshapoa. Wa kununua gari wamekuja?

— Wamekuja. Akamgeukia yule mama. Mama, naomba kidogo kabla hatujasema bei.

Halafu akafungua mlango wa abiria. Aliufungua wote, akasimama pembeni yake wima, mkono kwenye kitasa.

— Panda, akamwambia mkewe.

— Nipande nini?

— Gari. Likupeleke nyumbani.

— Nyumbani si pale juu? Akaunyooshea mteremko kidevu. Lina mafuta?

— Halina.

— Sasa linaendaje?

Mkurugenzi akatutazama. Tani Kumi akaguna, akashika kiuno, akaanza kukunja mikono ya shati.

— Mimi nilisema litanipeleka kazini, akasema shemeji.

— Najua ulisema. Kazini limeshindwa, mama. Nimeshindwa. Acha likurudishe tu.

Shemeji alilitazama lile gari, kwa mara ya kwanza mbele yetu. Alitazama kiti kile kilichopakwa dawa miezi na miezi bila kukaliwa. Nilidhani atapita. Mimi ningepita.

— Mume wangu, akasema, nimechoka mpaka sina nguvu ya kukukatalia.

Akaingia. Aliingiza mfuko kwanza, kisha akajishusha kwa mikono, kisha akayaingiza magoti, moja baada ya jingine. Mkurugenzi akafunga mlango, tena taratibu sana, akazunguka akashika usukani.

Sasa, kulisukuma gari lile mbele kidogo na nyuma kidogo mahali tambarare ni jambo moja. Kulipandisha mlima na watu wawili ndani ni jambo jingine. Tani Kumi akasema tunahitaji kabari ya kuweka nyuma ya tairi, tukipumzika lisiturudie. Wakili akaangaza huku na huko, akaona matofali, akayachomoa.

Yalikuwa mguu wa nne wa benchi.

Benchi likaanguka upande, jiko la Shangazi likatikisika, birika likalala, kahawa yote ikaenda mchangani. Tulingoja tugombezwe.

— Ilikuwa imeshaingia moshi, akasema Shangazi. Akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akaja nyuma ya gari akaweka mikono.

Yule mama wa maharusi naye akavua viatu, akaviweka juu ya meza yangu, katikati ya saa za watu, akaja.

Tukasukuma. Sitawadanganya kwamba lilikuwa jambo la kupendeza. Tulikuwa tunakwenda kipande, tunasimama, Wakili anaweka tofali, tunapumua, tunaendelea. Usukani bila injini ulikuwa mzito, nikawa namwona Mkurugenzi akiupigania kwa mabega yote. Tani Kumi alikuwa anaguna kila hatua na kila baada ya hatua. Majirani walitoka milangoni wakatazama, na wawili watatu wakaja kusaidia bila kuuliza, kwa sababu mtu akiona gari linasukumwa mkono wenyewe unakwenda.

Katikati ya mlima Mkurugenzi akatoa mkono dirishani, akatupungia kiganja chini, chini. Tukadhani kuna tatizo. Nikasogea dirishani.

— Amelala, akaninong'oneza.

Kweli alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea kiti, mdomo wazi kidogo, mfuko mapajani. Viganja vyake vilikuwa vimegeuka juu, vyeupe na vimekunjamana kwa maji ya kufulia. Usingizi ulimchukua palepale, pengine hata kabla ya tofali la kwanza.

Kuanzia hapo tulisukuma kimya. Hata Wakili. Mnaweza msiniamini, lakini watu wale ninaowajua kwa mdomo walipandisha gari lile mlima mzima bila kusema kitu, na Tani Kumi akawa anaguna kwa pua.

Kwa Mkurugenzi kuna ua wa mabati, na geti ni la mabati pia, pana kiasi, limefungwa kwa waya. Halikuwa limewahi kufunguliwa lote, maana watu huingilia upenyo wa pembeni. Tulipolikaribia, Wakili aliacha kusukuma, akatangulia mbio. Akafungua waya. Akalivuta geti lote, likalia, likabingirisha mawe, akalifikisha mwisho wake. Halafu akasimama kando yake, mgongo umenyooka, mikono ubavuni.

Gari likapita.

Niliyaona macho ya Mkurugenzi kwenye kile kioo kidogo cha katikati. Hakutazama kulia wala kushoto. Alilipitisha katikati kabisa ya geti lake, pole pole, akakanyaga breki mbele ya mlango wa nyumba, zile breki mpya, na gari likasimama.

Sisi tuliinama tukashika magoti, tunahema. Kisha Mkurugenzi akatoka, akaja upande wa pili, akamfungulia mkewe. Akamgusa bega.

— Mama. Tumefika.

Shemeji akafumbua macho. Akaona mlango wake, ndoo yake, nguo zake zilizoanikwa jana. Akatuona na sisi tulivyoloa jasho, na mama mgeni yuko pekupeku. Akajishika kwenye mlango, mumewe akamshika mkono wa pili, akasimama.

— Haya, akasema. Mpe mama wa watu funguo.